Kwato za Mbuzi wa Maziwa: Tuzikate Nyumbani, Kidogo Kidogo

Vikundi vyetu vingi siku hizi vina mbuzi wa maziwa. Vingine vilianza na jike mmoja, na ndama wake wa kike akapewa mwanachama aliyefuata. Vingine vilichanga wakanunua beberu wa pamoja. Tukitembelea vikundi hivyo tunaulizwa sana juu ya chakula, minyoo na kiasi cha maziwa. Swali la kwato huulizwa mara chache, na likija huja limechelewa: "Mbuzi wetu anachechemea, tufanye nini?" Ukiinua mguu unakuta ukwato umejipinda kama ndala iliyokwisha, na ndani umejaa mavi na matope yaliyokaa miezi.

Kazi ya kukata kwato haihitaji fedha nyingi wala masomo marefu. Inahitaji mkono mtulivu, kifaa kikali na tarehe iliyoandikwa kwenye daftari. Hebu tuitazame hatua kwa hatua, ili kila mwanachama aweze kuifanya nyumbani bila kumuumiza mnyama wala kujiumiza mwenyewe.

KWA NINI KWATO HUREFUKA?

Ukwato ni kama ukucha wa mtu. Unakua kila siku, awe mbuzi anakula vizuri au vibaya. Sehemu ya nje ni ngumu na haina uchungu. Ukiikata mbuzi hasikii kitu. Lakini ndani kuna nyama hai yenye damu na mishipa ya fahamu, kama ile iliyo chini ya ukucha wako. Ukifika hapo mbuzi ataumia na damu itatoka.

Wanyama wengine hujitunza wenyewe. Paka utamwona akikwaruza nguzo au gogo, na ganda la zamani la ukucha linatoka lenyewe. Ndiyo sababu paka anayelinda ghala la mahindi hatukati makucha yake. Hayo ndiyo panga lake la kazi. Mbuzi naye hutegemea mawe. Mbuzi wa Galla kule kaskazini mwa nchi yetu hutembea mbali juu ya changarawe, na kwato zake zinasagika kila siku.

Sasa tazama mbuzi wetu wa kisasa. Toggenburg asili yake ni Uswisi, nchi ya milima na mawe. Alpine vilevile ni mbuzi wa milimani. Mbuzi wa aina hizi wameenea sana katika vijiji vyetu tangu miaka ya 1990. Huko Nyeri chama cha wafugaji wa mbuzi wa maziwa kilianzishwa mwaka 1994 na kikashughulika na Alpine wa Kijerumani, na huko Meru mradi wa FARM-Africa ulioanza mwaka 1996 ulieneza Toggenburg kupitia vikundi vya wanakijiji. Tukawajengea mabanda mazuri yaliyoinuliwa, tukawaletea nyasi za nepia hapo hapo walipo. Ni jambo jema, kwa sababu mashamba ni madogo na minyoo inapungua. Lakini mbao za banda hazisagi ukwato. Mawe tuliyomnyang'anya mbuzi, ni lazima sisi tuyalipe kwa mkasi.

HASARA YAKE NI IPI?

Mbuzi mwenye kwato ndefu hawezi kukanyaga sawasawa. Uzito unarudi kwenye kisigino, kano za mguu zinavutika, na baada ya muda viungo vinauma. Akiumwa miguu halali vizuri wala hasimami muda mrefu kwenye hori. Anakula kidogo, na asiyekula hatoi maziwa.

Hasara kubwa zaidi ni ya beberu. Wakati wa kupanda jike, uzito wake wote unaangukia miguu ya nyuma. Beberu anayeumwa kwato za nyuma atamnusa jike, atapiga kelele, kisha atageuka aende zake. Watu watasema amezeeka au amerogwa, kumbe ni kwato.

Hebu tupige hesabu. Jike akikosa kupandwa leo, joto hurudi baada ya siku 21 hivi. Akikosa tena, zimepita siku 42. Mimba yenyewe ni kama siku 150. Kwa hiyo beberu akishindwa mara mbili tu, maziwa ya mtoto yamechelewa wiki sita katika kila nyumba iliyokuwa ikimtegemea. Kama nyumba kumi zinamtumia beberu huyo, hiyo ni hasara ya kijiji, na imetokana na kazi ya dakika ishirini iliyoahirishwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

TUKATE LINI?

Kwa mbuzi anayekaa bandani, kagua kwato kila mwezi na uzikate kila baada ya wiki sita hadi nane. Anayetembea kwenye mawe anaweza kukaa zaidi. Usitumie kalenda peke yake. Inua mguu utazame. Dalili za kwamba wakati umefika ni hizi:

- Ukingo wa ukwato umejikunja kuelekea chini na kufunika wayo.
- Ncha ya mbele imerefuka au imepinda juu.
- Vidole viwili vya mguu mmoja havilingani, au vinapishana.
- Mbuzi anapiga magoti anapokula.

Ukwato hukatika kwa urahisi ukiwa laini. Chagua asubuhi baada ya mvua. Wakati wa kiangazi, msimamishe mbuzi kwenye karai la maji au umfunge matambara yaliyoloweshwa miguuni kwa dakika kumi na tano hivi.

Jike mwenye mimba kubwa, yaani mwezi wa mwisho, asisumbuliwe. Mkate mapema, au ngoja azae. Usikate jua kali la mchana, na usikate wakati wa giza. Lazima uone rangi ya ukwato vizuri.

VIFAA

1. Mkasi wa kupogolea, ule wa kukatia matawi ya kahawa na miti ya matunda. Uwe mkali. Mkasi butu ndio unaoteleza na kuumiza.
2. Kisu kifupi chenye makali, au kisu maalumu cha kwato kama kikundi kinacho.
3. Tupa ya kulainisha mwishoni.
4. Kijiti au brashi ngumu ya kutolea uchafu.
5. Ndoo ya maji, sabuni, na dawa ya ayodini kutoka duka la dawa za mifugo.
6. Kitambaa safi, endapo damu itatoka.
7. Glavu nzito za mikono, kama zipo.

Panga halifai. Hatusemi hivyo kwa kulidharau. Panga lina kazi zake nyingi, lakini hii si mojawapo. Pigo moja likikosea linakata kidole, cha mbuzi au chako.

Kikundi kinaweza kununua mkasi mmoja na tupa moja kwa wanachama wote. Lakini kifaa kinachotoka boma hadi boma kinaweza kubeba ugonjwa. Kioshwe kwa sabuni hadi kitakate, kisha kitumbukizwe kwa dakika kumi kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo tisa vya maji. Baadaye kisuuze, ukikaushe na kukipaka mafuta kidogo kisipate kutu.

KUMSHIKA MBUZI

Kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja anamshika na kumtuliza, mwingine anakata. Watoto wadogo wakae mbali.

Mfunge mbuzi kwa kamba fupi kwenye nguzo, kichwa kikiwa usawa wake wa kawaida. Ubavu mmoja uegemee ukuta au ua. Mpe majani ya viazi vitamu au kitu kingine anachopenda. Mbuzi anayetafuna hapigani sana. Usimwangushe chali, hasa jike mwenye mimba au kiwele kilichojaa.

Mguu wa mbele, simama kando ya bega ukiangalia nyuma, ukunje mguu kwenye goti kuelekea nyuma. Mguu wa nyuma, uvute polepole kuelekea nyuma na uuinue kidogo tu. Usiuvute kwenda pembeni, maana nyonga ya mbuzi haikuumbwa hivyo, na ndipo anapoanza kurusha teke. Akipigana, shika imara bila kumpiga, ngoja atulie, kisha endelea. Mbuzi aliyezoeshwa kuinuliwa miguu tangu mdogo hatakusumbua.

HATUA ZA KUKATA

Kabla ya kuanza, kama kuna mtoto wa mbuzi wa wiki moja au mbili bomani, inua mguu wake utazame. Ukwato wake uko bapa chini na pembe zake zimenyooka kama kisanduku. Huo ndio mfano unaoutafuta.

Kwanza. Ondoa uchafu wote kwa kijiti, pamoja na ulio katikati ya vidole viwili. Osha. Usikate kitu usichokiona.

Pili. Tafuta ukingo uliojikunja juu ya wayo. Ingiza ncha ya mkasi chini yake na uukate, ukienda kutoka kisigino kuelekea mbele. Mara nyingi utakuta uchafu mweusi umejificha hapo, utoe.

Tatu. Punguza ncha ya mbele iliyorefuka. Kata vipande vidogo, si kipande kimoja kikubwa.

Nne. Tazama kisigino. Kama kimeinuka kupita wayo, parua kidogo kwa kisu. Kisigino ni laini, kwa hiyo mkono uwe mwepesi.

Tano. Parua wayo vipande vyembamba kama unavyomenya viazi. Wayo ukianza kuonekana mweupe safi, punguza mwendo. Ukiona rangi ya waridi, ACHA HAPO HAPO. Hiyo ni damu iliyo karibu chini ya ngozi ya ukwato. Kwa mbuzi mwenye kwato nyeusi rangi hiyo haionekani vizuri ukutani, basi itafute kwenye wayo, na bonyeza kwa kidole gumba. Mahali panapobonyea kama mpira hapakatwi tena.

Sita. Linganisha vidole viwili viwe urefu sawa. Shusha mguu, mbuzi asimame, umtazame kutoka ubavuni. Chini ya ukwato paende sambamba na mstari ule wa juu ambapo nywele zinakoma. Kama kuna ncha iliyobaki, pitisha tupa.

Mwisho, kusanya vipande vyote uvichome au uvifukie. Visibaki bandani.

Kwa anayekata: makali yaelekee mbali na mwili wako na mbali na mkono wa mwenzako. Ukijikata, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha uende zahanati uulize juu ya sindano ya pepopunda.

Kama kwato zimeachwa kwa miezi mingi, usijaribu kuzirudisha sawa kwa siku moja. Ukwato ukirefuka sana, nyama hai nayo husogea mbele pamoja nao. Kata kidogo leo, rudi baada ya wiki mbili au tatu, kata tena. Polepole nyama inarudi nyuma na ukwato unapata umbo lake.

DAMU IKITOKA

Usiogope na usimwachie mbuzi. Bonyeza kitambaa safi juu ya jeraha kwa dakika tano bila kuchungulia kila mara. Tone dogo hukoma lenyewe. Likikoma, paka ayodini na umweke mahali pakavu, safi, siku mbili tatu. Usipake mavi ya ng'ombe wala udongo. Vijidudu vya pepopunda huishi udongoni na katika kinyesi, na mbuzi hupata pepopunda kama binadamu. Ukiona siku za baadaye mbuzi amekakamaa miguu, taya halifunguki na masikio yamesimama wima, mwite daktari wa mifugo mara moja. Damu isiyokoma baada ya kubonyeza muda mrefu pia ni kazi ya daktari.

UKWATO UNAONUKA

Ukiinua mguu ukapata harufu mbaya ya kuoza, usaha au nyama nyekundu kati ya vidole, na ukuta wa ukwato umeachana na wayo, huo ni ugonjwa wa kuoza kwato. Huletwa na vijidudu vinavyopenda mahali penye unyevu na pasipo na hewa, na huambukiza mbuzi na kondoo wengine. Hapa fuata utaratibu huu:

Mtenge mgonjwa. Wakate wazima kwanza, yeye awe wa mwisho. Usimkate sana hadi damu itoke, maana kufanya hivyo huchelewesha kupona. Ondoa tu sehemu iliyolegea. Kisha mwogeshe miguu kwa dawa. Mrututu hutiwa gramu 50 kwa kila lita moja ya maji, au salfeti ya zinki gramu 100 kwa lita. Tumia chombo cha plastiki, maana mrututu hula chuma. Kwato zioshwe matope kwanza, zizame kabisa kwenye dawa kwa dakika tano au zaidi, kisha mbuzi asimame mahali pakavu.

Angalieni sana: mrututu ni sumu ukinywewa, na kondoo hudhurika nao upesi kuliko mbuzi. Kwa kondoo, zinki ni salama zaidi. Msiwaache wanyama wakiwa na kiu karibu na dawa hiyo, wala msiimwage mtoni au kwenye bwawa la samaki.

Mbuzi asiyekanyaga kabisa, au mwenye homa, au asiyepata nafuu, anahitaji kutibiwa na mtaalamu. Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo ziko chini ya serikali za kaunti, kwa hiyo ulizeni ofisi ya mifugo ya wadi yenu. Sindano za antibiotiki msijipigie kwa kubahatisha. Na maziwa ya mbuzi aliyepigwa sindano yasinywewe wala kuuzwa hadi siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe. Pia, wanyama wengi wakichechemea kwa pamoja, na mdomoni kuna malengelenge, hilo si jambo la mkasi. Huenda ni ugonjwa wa midomo na miguu. Msihamishe mnyama yeyote, pigeni ripoti siku hiyo hiyo.

MASWALI TUNAYOULIZWA MARA KWA MARA

Je, mama anaweza kufanya kazi hii, au ni ya wanaume? Anaweza kabisa. Kazi hii haitaki nguvu, inataka subira. Na mara nyingi mama ndiye anayekama, kwa hiyo mbuzi anamjua na kumwamini.

Mbuzi wangu ana kwato fupi lakini anachechemea. Kwa nini? Tazama kama kuna mwiba au jiwe kati ya vidole. Uliza pia kama alikula mahindi mengi au unga kwa ghafla. Mbuzi akivimbiwa na nafaka anaweza kupata uvimbe ndani ya kwato, zikawa na joto. Huyo hakatwi, mwite daktari.

Tunaweza kupunguza kazi hii? Ndiyo. Wekeni mawe bapa yenye mikwaruzo au tofali za saruji mahali mbuzi anapotembea na anapopenda kupanda. Hakikisheni sakafu ya banda ni kavu, na nafasi kati ya mbao ni kama sentimita moja na nusu, mavi yapite lakini mguu usinase. Hata hivyo, ukaguzi wa kila mwezi hauachwi.

SIKU YA KWATO KATIKA KIKUNDI

Tunashauri kila kikundi kiweke siku ya kwato. Chagueni mkutano mmoja kila mwezi wa pili, mfanye kazi hii katika boma la mwenyeji wa siku hiyo, ili wasiojua waone kwa macho na kushika mkasi wenyewe. Wengine waende wakafanye kwao wiki hiyo hiyo. Mbuzi wasiletwe pamoja mahali pamoja, maana mkusanyiko ndio unaoeneza kuoza kwato.

Katibu achore mistari minne tu kwenye daftari: jina la mwenye mbuzi, tarehe ya kukata, hali ya kwato, na tarehe inayofuata. Beberu awe wa kwanza kwenye orodha, na mtunzaji wake aulizwe mbele ya wote. Anapohamishwa kwenda kwa mtunzaji mwingine, kwato zake zikaguliwe siku hiyo na wote wawili, zikatwe ikihitajika, na iandikwe. Namna hiyo hakuna atakayesema, "Nilimpokea akiwa hivyo."

Mbuzi mpya anayenunuliwa naye ainuliwe miguu yote minne kabla fedha hazijatolewa, kisha atengwe wiki mbili au tatu bomani kabla ya kuchanganywa na wengine. Muuzaji asiyetaka miguu ya mbuzi wake iangaliwe, mwacheni abaki naye.

Basi, kabla ya mkutano wenu ujao, kila mmoja ainue mguu mmoja wa mbuzi wake autazame vizuri. Atakachokiona huko chini ndicho kitakachowaambia kama siku ya kwato ingojee, au ianze wiki hii.